Ajali Haina Kinga? Waulizeni Madereva wa Mbio za Magari

Hakuna mwalimu wa Kiswahili katika kisiwa hiki cha Mombasa asiyeifahamu insha ya ajali. Vizazi vya wanafunzi wameiandika, tangu enzi za mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, hadi hivi leo. Gari huja kwa kasi ya umeme, dereva akashindwa kulidhibiti, likabingirika mara tatu (daima ni mara tatu, sijui kwa nini), ving'ora vya ambulensi vikahanikiza, na mwandishi akafumbua macho akajikuta amelazwa hospitalini. Kisha huja tamati, nayo ni ile ile kwa watahiniwa wote: ama kweli ajali haina kinga. Mwalimu naye hutia alama ya vyema, kwa kuwa methali imetumika mahali pake.

Safu hii yataka kuuliza leo iwapo methali hiyo hutumika mahali pake kweli.

Wahenga hawana kosa. Walichokusudia ni kumkumbusha mja kwamba hajui la kesho, asijitape kwa uzima wake wala asimcheke aliyefikwa. Hilo ni neno la unyenyekevu, nalo litabaki kuwa kweli. Ila sisi tumeligeuza. Siku hizi methali hiyo hutamkwa na mwenye gari ambaye hakubadilisha magurudumu yaliyokwisha, na dereva aliyepita gari jingine kwenye kona, na hata na kiongozi anayekuja kutoa rambirambi. Ikishatamkwa, mjadala umekwisha. Hakuna tena wa kuuliza mwendo ulikuwa kiasi gani, breki zilikaguliwa lini, na ni nani aliyeona hatari akanyamaza. Tumechukua neno la kuliwaza wafiwa tukalifanya hati ya kumwachilia huru mkosaji.

Yafaa basi tuipime methali yetu kwa watu ambao wangekuwa na haki kuliko sote ya kuitumia. Hao ni madereva wa mashindano ya magari, ambao huifuata hatari kwa hiari yao. Iwapo ajali haina kinga, basi wao ndio wangekufa kila Jumapili.

Itakumbukwa na wengi katika mji huu kwamba siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipinduka Mtongwe ikiwa imetoka ukingoni kiasi cha mita 40 tu. Watu 272 walikufa maji. Feri hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 300, nayo ilikuwa imepakia wapatao 400. Sisi wa Mombasa twaikumbuka siku hiyo kwa majina ya jamaa na majirani. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba wikendi hiyo hiyo, huko Imola nchini Italia, palitokea misiba mingine. Jumamosi ya tarehe 30 Aprili, Roland Ratzenberger wa Austria alikufa akijaribu gari kutafuta nafasi ya kuanzia mbio za Formula One. Siku ya pili yake, Mei mosi, Ayrton Senna wa Brazil, bingwa wa dunia mara tatu, aligonga ukuta wa saruji kwenye kona iitwayo Tamburello, naye akafa. Katika mashindano hayo hayo gurudumu lilichomoka kwenye gari lililokuwa likitoka mahali pa matengenezo, likawajeruhi mafundi waliosimama hapo.

Wenye mchezo wao walifanya nini? Majuma mawili baadaye, mbio zilipofika Monaco, magari yalikwisha wekewa kikomo cha mwendo katika njia ya kupitia mafundi. Mwaka 1995 ujazo wa injini ulipunguzwa kutoka lita 3.5 hadi lita 3, na kona ya Tamburello ikavunjwa mwendo wake. Mwaka 1996 kingo za kiti cha dereva ziliinuliwa ili kumkinga kichwa. Magurudumu yalikuja kufungwa kwa kamba ngumu yasichomoke ovyo. Baada ya Senna, miaka 20 ilipita pasipo dereva wa Formula One kupata ajali ya kumuua ndani ya mashindano, hadi alipoumia Jules Bianchi huko Suzuka, Japani, mwezi wa Oktoba 2014. Alifariki Julai mwaka uliofuata. Sitaki kuipamba picha kupita kiasi, kwani katika kipindi hicho wasimamizi wawili wa njia waliuawa na magurudumu yaliyochomoka, mmoja Monza mwaka 2000 na mwingine Melbourne mwaka 2001. Hata hivyo, kila msiba ulizaa kanuni, na kila kanuni iliokoa roho. Jioni ya tarehe 29 Novemba 2020, huko Bahrain, gari la Romain Grosjean wa Ufaransa lilitoboa ukuta wa chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Alikaa ndani ya ule moto kiasi cha nusu dakika, kisha akatoka kwa miguu yake mwenyewe, mikono imeungua. Lililomwokoa ni upinde wa chuma uliopita juu ya kiti chake, ambao ulifanywa wa lazima mwaka 2018 licha ya mashabiki wengi, na yeye Grosjean mmoja wao, kuupinga kwamba unaharibu sura ya gari.

Je, sisi baada ya Mtongwe? Tarehe 29 Septemba 2019, miaka 25 na ushei baada ya msiba ule, gari lenye mama na mwanawe liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni likazama. Walipatikana tarehe 11 Oktoba. Sisemi kwamba uhai wa madereva wawili wa Imola ulikuwa na thamani kuliko wa abiria 272. Ninachosema ni kwamba walioomboleza wale wawili walikataa kusema ajali haina kinga.

Kuna watakaodai kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya, nasi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa kuwa mchezo huu ni wetu pia, tena tangu zamani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliyashinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta akayashinda mara tano, nne kati ya hizo zikifuatana, kuanzia 1979 hadi 1982. Katika miaka ya 1970 njia yake ilishuka hadi huku kwetu Mombasa, na katika karne hii tumeyaona magari ya kale ya East African Safari Classic yakianzia na kumalizikia pwani. Mtoto gani wa miaka ile hakutengeneza gari la waya wakati wa Pasaka akajiita Ian Duncan au Patrick Njiru?

Safari ya zamani ilikuwa na sifa moja ya ajabu. Ilikimbiwa katika barabara zilizo wazi kwa umma. Dereva angeweza kupita kona akakutana na basi la abiria, punda wa maji au kundi la ng'ombe. Ndiyo maana magari yalifungwa vyuma vizito mbele, na timu tajiri zilikodi helikopta zilizotangulia juu na kumwarifu dereva kwa redio kilichoko mbele yake. Tuliliona jambo hilo kuwa fahari. Wengine wetu tuliona kwamba Safari isiyo na ng'ombe si Safari. Lakini tangu yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, mashindano hayo hukimbiwa pande za Naivasha katika njia zilizofungwa, na magari ya ukaguzi hutangulia kuhakikisha kwamba hapana mtu wala mnyama. Wapo wazee wanaosema ladha imepungua. Huenda. Ila sijamsikia mwenye ng'ombe akilalamika.

Hebu tuzitazame kanuni zenyewe, maana ndimo lilimo somo, na walimu wataniwia radhi nikikaa hapa kidogo.

Katika mbio za magari za aina ya Safari, gari likipata ajali, dereva na mwelekezi wake wakiwa wazima, yawapasa wasimamishe pembetatu nyekundu nyuma ya gari lao na kuwaonyesha wanaofuata bango la kusema tu salama. Iwapo kuna aliyeumia, huonyeshwa bango la kuomba msaada. Dereva anayefuata akiliona bango hilo, au akiona gari limeharibika vibaya na hapana ishara yoyote, ni lazima asimame. Haijalishi kama anaongoza. Haijalishi kama amebakisha kilomita mbili awe bingwa wa dunia. Asiposimama huadhibiwa, na muda alioupoteza akisaidia waamuzi huweza kumfidia. Tafakari hayo, kisha ukumbuke ni mara ngapi umesoma habari ya mtembea kwa miguu aliyegongwa usiku na gari lililotoweka.

Katika mbio za uwanjani, mwenye amri si dereva bali ni bendera. Bendera ya manjano ina maana ya hatari. Punguza mwendo, wala usithubutu kumpita mwenzako. Nyekundu ina maana kwamba mashindano yamesimama. Nyeusi, ikiambatana na nambari ya gari, ni mwito wa dereva mmoja atoke njiani. Anayeipeperusha aghalabu ni mtu wa kujitolea, pengine mwalimu au karani siku za kazi, asiyelipwa kitu cha maana. Naye milionea ndani ya gari lake humtii. Hapa ndipo nionapo tofauti kubwa kati yao na sisi. Sheria zetu si mbaya. Kanuni zilizotangazwa na waziri John Michuki mwaka 2003, zikaanza kutekelezwa mapema mwaka 2004, zilitupa mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika matatu. Lakini nani katika matatu ana bendera? Abiria 14 wamo ndani, wote wanaona kwamba dereva ameshika simu mkono mmoja, nao wote wanatazama nje dirishani kana kwamba Makupa haijapata kuonekana. Anayethubutu kusema huambiwa ashuke akanunue gari lake. Na wenzake, badala ya kumuunga mkono, hucheka.

Nimetaja vidhibiti mwendo, na pana jambo ambalo ningependa mwalimu wa hisabati alipeleke darasani. Mwendo wa juu kabisa wa matatu kisheria ni kilomita 80 kwa saa. Katika viwanja vingi vya Formula One, mwendo wa juu kabisa katika ile njia ya kupitia mafundi pia ni kilomita 80. Yaani gari liwezalo kupita kilomita 300 kwa saa, likifika mahali penye watu waliosimama kwa miguu, hushushwa hadi mwendo wa matatu yetu. Na watu wale wenyewe wamevaa kofia ngumu na nguo zisizoshika moto. Monaco, mji mwembamba wa pwani ambao mbio zake hupita barabarani baina ya nyumba, huko hushushwa zaidi, hadi 60. Sisi, mijini, kikomo chetu ni 50. Anayepita Digo Road saa moja asubuhi, wanafunzi wakivuka, na asimame pembeni ahesabu ni magari mangapi yanayokitii.

Na hapa ndipo nifikapo Mji wa Kale, ambako mwandishi huyu amezoea kupita kila asubuhi. Ndia Kuu haikujengwa kwa ajili ya magari. Ilijengwa kwa watu, punda na mikokoteni, na watu wa zamani walikuwa na kanuni yao ya usalama wa njiani ambayo haikuandikwa na bunge lolote. Hamali mwenye mzigo mzito alipokaribia kona alipaza sauti: simile! simile! Aliye mbele akabana ukutani, watoto wakavutwa barazani, mzigo ukapita. Ukiichunguza utaona ndiyo ile ile bendera ya manjano. Mwenye kubeba hatari ndiye mwenye wajibu wa kutangaza, na mwenye kusikia naye ana wajibu wa kutii. Siku hizi hamali wangaliko, ila simile imemezwa na honi. Honi ya tuktuk haisemi jihadhari, napita, yasema ondoka.

Juzi niliiona tuktuk ikikata kona karibu na Kibokoni ikiwa na wanafunzi sita, mmoja amekaa pembeni mwa dereva, mguu u nje. Chombo hicho kimeruhusiwa abiria watatu. Nyuma yake ilikuja bodaboda yenye watoto wawili katikati ya mwendeshaji na mama yao, wala hapana aliyevaa kofia. Sheria yataka abiria mmoja tu, na wote wawili wavae kofia na fulana ya kuakisi mwanga. Simlaumu yule mama pasi na kumfikiria. Nauli ya mara mbili ni chakula cha mchana. Lakini dereva wa mashindano, ambaye amefungwa mikanda mabegani na kiunoni, amezungukwa na kizimba cha vyuma, ana kofia iliyoshikizwa shingoni isikatike, na daktari anamngojea umbali wa dakika chache, yeye haruhusiwi hata kuwasha gari pasipo kukaguliwa. Sembuse mtoto wa darasa la pili aliyeshikilia begi lake?

Tangu mwaka 2021 watu zaidi ya 4,000 wamekufa kila mwaka katika barabara za Kenya. Hao ni sawa na Mtongwe 14 au zaidi kwa mwaka. Hatuvioni kwa kuwa havifi mahali pamoja siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa mji hulinong'ona, nami nitalisema wazi. Vijana wetu hushindana. Jioni za Idi na usiku wa wikendi, penye barabara nyoofu na lami nzuri, pikipiki hupangwa mbili mbili na mashabiki wakasimama kando kando hatua moja tu kutoka magurudumuni. Wamejifunza nusu ya mchezo kutoka kwenye televisheni, nayo ni ile nusu ya kasi. Nusu ya pili hawakufunzwa. Hawajui kwamba mwaka 1986, huko Ureno, gari liliwaparamia mashabiki waliosongamana ukingoni mwa njia likaua watatu, na kwamba majuma machache baadaye Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto waliteketea Corsica, na kwamba kwa sababu ya mwaka huo aina nzima ya magari yenye nguvu nyingi kupita kiasi iliondolewa katika ubingwa wa dunia.

Baadhi ya wasomaji watasema dawa ni kupiga marufuku. Naona ugumu. Baada ya maafa ya Le Mans ya mwaka 1955, ambapo mashabiki zaidi ya 80 waliuawa, Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari viwanjani kwa zaidi ya miaka 60. Nchi yenye polisi wa kutosha yaweza kufanya hivyo. Kwetu mashindano ya barabarani ni haramu tayari, nayo yapo. Yafaa Kaunti ya Mombasa ikae na Shirikisho la Mbio za Magari nchini, itafutwe ardhi upande wa bara, iwekwe kuta za magurudumu makuukuu, na iwe na daktari na wasimamizi. Kijana atakayetaka kushindana aende huko, akaguliwe chombo chake, avae kofia, na akionyeshwa bendera nyeusi atoke. Najua patakuwa na wa kudai kwamba huko ni kuhalalisha wazimu. Nadhani kijana aliyewahi kunyang'anywa ushindi kwa kutotii bendera ya manjano atajua thamani ya taa nyekundu kuliko yule aliyehubiriwa tu.

Kwa upande wa shule, siombi somo jipya. Walimu wamechoka na masomo mapya. Naomba insha ile ile ya ajali, ila mwalimu aongeze swali moja kwa wino mwekundu kila anapoiona ile methali: nani angeweza kuizuia, na alikuwa wapi? Mwanafunzi arudi akaandike aya moja zaidi. Wengine watagundua kwamba hawajui la kuandika, na huko kutojua ndiko kutakakowapeleka kituo cha polisi, gereji na kwa wazee wao kuuliza.

Na ombi la pili ni kwa walimu wakuu wa shule zilizo ndani ya Mji wa Kale na kandokando yake. Muhula ukifunguliwa, wawekeni wanafunzi wawili wa madarasa ya juu langoni, pamoja na mwalimu wa zamu, kila asubuhi kwa nusu saa. Wapeni bendera mbili. Ya manjano kwa kila gari linalokaribia, na nyekundu kwa tuktuk yenye zaidi ya watatu, isimame hapo hapo, mwenye watoto aitwe na nambari iandikwe. Madereva watanuna siku tatu za kwanza. Vitambaa vyenyewe vyapatikana Biashara Street, mita moja ya kila rangi, na fundi wa kuvipinda hakosekani.